Kuanika, kurundika, kuloweka au kukuna: unga upi wa muhogo utauachia mwili nguvu zake?

Katika soko la Arua, Uganda, mabeseni mawili ya unga wa muhogo hukaa bega kwa bega. Moja ni jeupe kama chaki. La pili lina rangi ya majivu, na ukiinama unapokewa na harufu ya uchachu. Mnunuzi mwenye haraka hunyoosha mkono kwenye jeupe bila kuuliza. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, nimekulia katika nyumba iliyokula enyasa, yaani ugali, ya muhogo mchana na jioni, na kila nikiona mtu anachagua unga kwa rangi hunijia hamu ya kumzuia: dada, muulize kwanza huyu mama ameutengenezaje. Weupe ule unaweza kuwa umetokana na kazi nzuri kuliko zote, na unaweza kuwa umetokana na haraka. Jicho halitofautishi.

Mwezi wa Septemba 2017, wilayani Kasese, watu 98 waliugua na 2 wakafa baada ya kula ugali wa unga wa muhogo. Baadhi yao walikuwa wamekula msibani, mahali ambapo hakuna anayeuliza unga umetoka duka gani. Unga uliopimwa ulikuwa na wastani wa miligramu 88 za sianidi, sumu inayotoka kwenye muhogo wenyewe, kwa kila kilo, ilhali kiwango kinachokubaliwa kimataifa ni miligramu 10. Muhogo wenyewe ulielekea kuwa wa aina ya mwituni, mchungu kupita kiasi. Kwa macho ulikuwa unga kama unga mwingine wowote.

Kinachozimika ndani

Ndani ya seli zetu kuna vijumba vidogo viitwavyo mitokondria, na humo ndimo chakula kinapogeuzwa kuwa nguvu. Umewahi kuwaona vijana wakishusha matofali kwenye lori? Wamejipanga mstari, tofali linarushwa kutoka mkono hadi mkono, na wa mwisho analipanga chini. Mitokondria hufanya kazi hivyo hivyo. Elektroni zinazotoka kwenye chakula hupokezanwa na vimeng'enya vilivyojipanga kwenye utando wa ndani, na kimeng'enya cha mwisho huzikabidhi kwa oksijeni. Katika kupokezana huko ndipo mwili unapopata nguvu yake, ambayo huwekwa akiba kwenye molekuli iitwayo ATP. Sianidi humshika mkono yule wa mwisho. Hujibandika kwenye chuma kilicho ndani ya kimeng'enya kiitwacho saitokromu oksidesi, na mstari mzima unasimama, kila mmoja ana tofali lake mkononi na hana wa kumpa.

Mtu aliyepata sumu hii hakosi hewa. Mapafu yanavuta, damu imebeba oksijeni tele, tena damu inayorudi moyoni huwa nyekundu kuliko kawaida kwa kuwa seli zimeshindwa kuitumia oksijeni hiyo. Anakufa njaa mbele ya sahani iliyojaa. Kwa njia ya kawaida molekuli moja ya glukosi huzaa ATP 30 hivi. Mstari ukisimama, seli hubaki na njia ya dharura inayozaa 2 tu, na taka ya njia hiyo ni asidi ya laktiki. Asidi inapopanda kwenye damu mtu huanza kuhema haraka kama aliyetoka mbioni. Ubongo ndio wa kwanza kulalamika, kwa sababu ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini hutumia kama asilimia 20 ya oksijeni yote: kichwa kinagonga, kizunguzungu, mtu anachanganyikiwa, kisha degedege. Moyo haupumziki hata dakika moja, kwa hiyo nao hauna akiba ya kuvumilia.

Lakini mwili haukuachwa mikono mitupu. Kwenye ini na kwingineko kuna kimeng'enya kiitwacho rodanesi, ambacho huiunganisha sianidi na salfa ikawa thayosianati, kitu chenye ukali mdogo zaidi, nacho hutoka kwa mkojo. Salfa hiyo hutoka kwenye protini tunayokula. Kwa hiyo unapolinganisha unga, linganisha pia mboga inayoandamana nao. Nitairudia hiyo.

Sumu ndogo ya kila siku haimwangushi mtu msibani. Yenyewe hufanya kazi polepole. Thayosianati ikijaa mwilini huizuia tezi ya shingo kuchukua madini ya joto, na mahali ambapo madini hayo ni haba, rovu huota. La kutisha zaidi ni konzo. Neno hilo ni la Wayaka wa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Mwitaliano, Giovanni Trolli, aliuandika ugonjwa huo mwaka 1938 kutoka Kwango. Mtoto au mama mwenye umri wa kuzaa hulala mzima, akaamka miguu imekakamaa, hawezi kuitembeza sawasawa, na haiponi. Mwaka 1981 zaidi ya watu 1,000 walipatwa na hali hiyo kaskazini mwa Msumbiji, wakati wa ukame, walipobaki na muhogo mchungu peke yake na bila subira ya kuutengeneza. Wanaopooza ni wale waliokula unga wenye sianidi kwa wiki nyingi huku hawana maharage, hawana samaki, hawana nyama.

Njia nne

Muhogo haubebi sianidi ikiwa tayari. Unabeba linamarini, ambayo ni sukari iliyofungwa pamoja na sianidi, na unabeba pia kimeng'enya cha kuifungua. Hivi viwili hukaa vyumba tofauti ndani ya mzizi. Ukuta wa seli ukivunjika vinakutana, linamarini inafunguka, na sianidi inatoka kama gesi. Gesi yenyewe si ngumu kuiondoa: huchemka kwenye nyuzi 26 hivi, na jua letu la Arua la saa saba mchana linazidi hapo kwa mbali. Ugumu uko kwenye kuvunja kuta kabla muhogo haujakauka. Shika hilo moja tu, na utaweza kupima njia yoyote utakayoelezwa na mtu yeyote.

*Kuanika tu.* Unamenya, unapasua, unatandika juu ya mwamba au turubai, siku tatu nne makopa yamekauka, unapeleka mashineni. Ni njia nyepesi kuliko zote, na unga wake ni mweupe, mtamu kuuangalia. Pia ndiyo njia mbaya kuliko zote. Vipimo vilivyofanywa Msumbiji vilionyesha kwamba kati ya robo na theluthi ya sumu hubaki kwenye unga. Tena jua kali, ambalo mama yangu alilihesabu kuwa baraka, hapa linaharibu kazi: muhogo unakauka upesi, maji yanakwisha, na kimeng'enya hakifanyi kazi bila maji. Linamarini inabaki imefungwa ndani ya makopa, inasubiri. Njia hii ichague kwa muhogo mtamu unaoujua tangu shina, ule ambao watoto wanauchemsha na kuula na chai. Kwa muhogo mchungu, usiichague hata siku moja.

*Kurundika.* Hii ndiyo ya kwetu, na ya watu wengi wa kaskazini na mashariki mwa Uganda. Muhogo uliomenywa unaanikwa siku moja unyauke, kisha unarundikwa pembeni ya nyumba, unafunikwa majani au gunia, siku tatu hadi tano. Unapoufunua unakuta joto kama la mwili wa mtu, na ukungu umeuvika manyoya meusi na ya kijivu. Tulipokuwa watoto kazi yetu ilikuwa kukwangua ukungu huo kwa kisu butu, tukakaa jamvini mpaka vidole vikanuka siku mbili. Baadaye mama alikuwa akiuponda ule muhogo uliolainika ukawa vipande vidogo, ndipo ukaanikwa. Ukungu hulainisha mzizi, kuta zinavunjika, kimeng'enya kinakutana na linamarini. Kwenye vipimo vile vya Msumbiji, njia hii iliacha kama asilimia 12 hadi 17.

Nimeupa mrundiko heshima kubwa maisha yangu yote, na bado naupa. Hautaki maji mengi, na pale ambapo mama anabeba madumu kutoka kisimani mwendo wa saa nzima, hilo ni jambo zito. Ladha yake ndiyo inayoitwa ladha ya nyumbani. Lakini asilimia 12 ya sumu nyingi bado ni nyingi. Mwaka wa ukame muhogo huongeza sumu yake wenyewe, kwa kuwa mmea unaobanwa na kiu hujilimbikizia linamarini zaidi. Kwa hiyo mrundiko uliotulisha salama mwaka wa mvua nzuri unaweza kutoleta matokeo yale yale mwaka unaofuata, hata kama mama amefanya kila kitu kama alivyofundishwa na mama yake. Na vipande ambavyo havikulainika, vile vinavyogonga kama mawe chini ya mchi, ni vya kutoa pembeni.

*Kuloweka.* Muhogo uliomenywa unatumbukizwa majini, kwenye pipa au dimbwi, siku tatu au nne, hadi unabonyea kwa vidole. Maji yanatoa povu na kunuka. Bakteria wanavunja kuta, sumu inatoka ikaingia kwenye maji, na ukikamua vizuri na kuanika, kinachobaki ni kidogo mno. Kwa muhogo mchungu, na kwa nyumba iliyo karibu na maji, hii ndiyo ninayoisifia kuliko kurundika. Jirani zetu wa Kongo ndio mabingwa wake. Ila ina adui mmoja, naye ni haraka. Kule Bandundu, barabara ya kwenda Kinshasa ilipotengenezwa na wafanyabiashara wakaanza kununua muhogo kwa wingi, familia zilifupisha siku za kuloweka kutoka tatu hadi moja ili ziwahi soko, na konzo ikawafuata. Muhogo wa siku moja majini na muhogo wa siku nne hufanana sana ukishakuwa unga.

*Kukuna.* Muhogo mbichi unapitishwa kwenye mashine ya kukuna au unapondwa kinuni ukiwa bado mbichi, unakamuliwa kwa jiwe zito juu ya gunia, kisha unaanikwa au unakaangwa. Kuta zote zinavunjika kwa mpigo, maji bado yapo, kimeng'enya kiko kazini. Kwa njia hii hubaki asilimia 2 au 3 tu. Unga wake ni mweupe pia. Ndiyo maana nimesema weupe hausemi kitu: beseni jeupe linaweza kuwa limebeba unga bora kuliko wote sokoni, au ule wa kuanika tu.

Mashine ya kukuna ni ghali kwa mtu mmoja, lakini kikundi cha akina mama kumi kinaweza kuimiliki, na nimeona vikundi vikilipia mashine zao kwa misimu michache. Kama kuna mtu anayesoma hapa mwenye uwezo wa kuchangia kikundi cha kijijini kwao, fedha yake aiweke hapo.

Na kupika? Wengi huniambia: mwalimu, moto utaua sumu. Hapana. Linamarini hustahimili moto vizuri. Kinachouawa na maji ya moto ni kile kimeng'enya ambacho kingeifungua, kwa hiyo linamarini inavuka salama ndani ya ugali hadi tumboni, na huko bakteria wa utumbo humalizia kazi ya kuifungua. Kukoroga ugali muda mrefu hakukusaidii.

Ukishanunua, au hujui ulivyotengenezwa

Hii ndiyo sehemu ninayotamani kila nyumba inayonunua unga iijue. Mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury, aliitengeneza njia rahisi kiasi kwamba mtoto wa darasa la nne anaweza kuifanya, na imetumika Msumbiji, Tanzania na Kongo. Weka unga kwenye beseni, usawazishe, piga alama kwa ndani ulipofika. Mwagia maji kidogo kidogo huku unakoroga. Mwanzoni unga unashuka chini ya alama, kwa kuwa maji yanajaza nafasi za hewa. Endelea mpaka ule unga wenye unyevu upande tena kwenye alama. Utandaze juu ya mkeka, unene usizidi sentimita moja, uuache saa mbili juani au saa tano kivulini. Kimeng'enya kilichobaki kinaamka kwa unyevu, kinafungua linamarini, gesi inapaa. Pika ugali siku hiyo hiyo, unga uliolowa haukai.

Sumu hushuka hadi theluthi, wakati mwingine hadi sehemu moja ya sita. Fanya hesabu lakini. Unga wa miligramu 30 unakuwa wa 10 au chini, na hapo uko salama. Unga kama ule wa Kasese wa 88 ungeshuka hadi 29, au ukibahatika 15, na bado ungezidi kiwango. Mkeka unasaidia unga wa kawaida wa sokoni. Hauwezi kumkomboa mtu aliyeuziwa unga wa muhogo wa mwituni.

Kwa mkulima, uchaguzi huanza kabla ya hapo, kwenye vipande vya kupanda. Aina za NASE na NAROCASS zilizotoka kituo cha utafiti cha Namulonge zilizalishwa kwanza kabisa kupambana na magonjwa ya muhogo ya batobato na michirizi ya kahawia, kwa hiyo usidhani jina jipya ni ahadi ya utamu. Muulize aliyekupa vipande kama watu wanauchemsha na kuula. Naelewa kwa nini wengi hupenda mchungu: fuko, nyani na mwizi hawauchezei, na unakaa ardhini muda mrefu ukisubiri njaa. Panda, lakini panda kando na ule wa watoto, kwa mpaka unaojulikana na kila mtu nyumbani, na usiruhusu mgeni achimbe bila kuongozwa.

Sasa mboga. Rodanesi inataka salfa, na salfa iko kwenye protini za aina fulani zaidi ya nyingine. Maharage yana protini nzuri lakini ni dhaifu hapo. Samaki wana nguvu, na ufuta, simsim yetu, umezidi maharage na karanga kwa mbali katika hili. Kwa hiyo sahani ya ugali wa muhogo na muziri, samaki wadogo wa Panyimur waliokaushwa, au ugali na mboga iliyoungwa simsim iliyosagwa, inaupa mwili kitu cha kupambana nacho. Ugali na chumvi, au ugali na majani ya muhogo yasiyopondwa sawasawa, unauacha mwili peke yake. Majani ya muhogo nayo yana linamarini. Yaponde mpaka yawe laini kabisa, yakae kidogo, ndipo uyachemshe bila kufunika. Mzazi mwenye shilingi chache anapochagua kati ya kuongeza kilo moja ya unga na kununua kikopo cha muziri, namsihi anunue muziri.

Ghalani: tembe au gunia la tabaka tatu

Mstari ule wa matofali husimamishwa pia na sumu nyingine za nyumbani. Nimeingia nyumba moja kijijini, chumba kimoja, watoto wanne wamelala chini, na kichwani pao magunia matatu ya mahindi. Ndani ya magunia, kwenye vitambaa vilivyofungwa fundo, tembe za kijivu za kufukiza wadudu. Baba mwenye nyumba aliziweka kwa upendo. Fukusi walikuwa wamemlia mwaka uliotangulia nusu ya mavuno, na mwuza duka alimpa tembe bila kumwambia neno la ziada.

Tembe hizo ni fosfidi ya aluminiamu. Zikikutana na unyevu, hata ule wa hewa ya usiku wa mvua, hutoa gesi ya fosfini. Na fosfini inapiga wapi? Kimeng'enya kilekile cha mwisho, saitokromu oksidesi, kisha inaongeza uharibifu wake mwingine juu. Moyo ndio unaoumia zaidi: mapigo yanavurugika, shinikizo la damu linaanguka. Watu husema ina harufu ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini harufu hiyo hutokana zaidi na uchafu uliochanganyika nayo, kwa hiyo kutonusa kitu hakumaanishi kwamba hewa ni safi.

Tofauti na sianidi ya muhogo ni kubwa, nayo ndiyo inayoamua ushauri wangu. Kwa sianidi mwili una rodanesi, na hospitali kubwa zinaweza kuwa na dawa zake. Kwa fosfini hakuna dawa ya kuigeuza, si kwetu wala Ulaya. Madaktari husaidia moyo na mapafu na kungoja. Kwa muhogo, basi, chagua njia ya kuitoa sumu. Kwa tembe, chagua kutokuwa nazo nyumbani kabisa. Zina nafasi yake kwenye maghala makubwa yanayofungwa bila kuvuja, chini ya mtu aliyefundishwa, mbali na wanaolala. Chumba cha familia si mahali hapo, na gunia la kawaida linavuja kila upande, hivyo hata wadudu hawafi wote.

Badala yake kuna gunia la tabaka tatu, linalojulikana kwa jina la PICS: mifuko miwili ya plastiki nzito ndani ya gunia la kawaida. Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue alianza kazi hiyo Cameroon miaka ya 1980, kwa ajili ya kunde. Unajaza nafaka, unakamua hewa, unafunga kila mfuko peke yake kwa kamba. Fukusi waliomo wanapumua mpaka oksijeni inakwisha. Angalia kinachotokea hapo: ni mstari uleule wa matofali, kwenye mitokondria ya mdudu, unaosimama kwa kukosa wa kupokea mwishoni. Hata maji fukusi hutengeneza kutokana na kazi hiyo hiyo ya kuchoma chakula kwa oksijeni, kwa hiyo hewa ikiisha hufa kwa kiu. Wewe unakula mahindi yasiyo na kitu ndani yake.

Gunia hili ni ghali mara kadhaa kuliko la kawaida, lakini linatumika zaidi ya msimu mmoja likitunzwa. Panya akilitoboa kazi imeharibika, basi liinue juu ya mbao. Na nafaka lazima ikauke kweli, unyevu kama asilimia 13, la sivyo unafungia ukungu ndani. Nyumbani tunapima kwa chumvi: chumvi kavu na punje kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, ngoja robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu bado unazidi asilimia 15. Isipoganda, ongeza siku moja ya jua kwa usalama, ndipo ufunge.

Tangi la bati linalofungwa vizuri hufanya kazi hiyo hiyo kwa mwenye mavuno mengi. Vumbi la dawa la kuchanganya na punje ni jambo jingine: linapiga mishipa ya fahamu ya mdudu, si mitokondria, na kati yake na tembe chumbani ningechagua vumbi lililopimwa kwa kipimo cha kwenye pakiti. Kati yake na gunia la tabaka tatu, gunia.

Sigiri

Hapa ni pafupi. Makaa yaliyoshika vizuri, yasiyo na moshi, hutoa kaboni monoksidi, nayo haina rangi wala harufu. Hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyofanya, na kiasi kidogo chake hufika mpaka kwenye kimeng'enya kile cha mwisho. Usiku wa baridi kule Zombo au Kabale, kati ya blanketi la pili na sigiri ndani ya chumba kilichofungwa, ni blanketi. Sigiri ikae nje hadi izimike, na kuacha dirisha upenyo wa vidole viwili hakutoshi.

Mtu akishaugua

Dalili za mwanzo za sumu hizi tatu zinafanana na malaria na homa ya tumbo: kichwa, kichefuchefu, kutapika, kuishiwa nguvu. Kinachozitofautisha ni swali. Je, wamepatwa wengi kwa pamoja, waliokula chungu kimoja au waliolala chumba kimoja? Kama ni chumba, watoe nje kwenye hewa kwanza, mlango wazi, nawe usikae humo. Usimlazimishe mgonjwa kutapika.

Kwenye kituo cha afya, kaboni monoksidi ndiyo inayojibu haraka kwa oksijeni: kwa hewa ya kawaida nusu yake huchukua kama saa 5 kutoka kwenye damu, kwa oksijeni safi kama saa moja na kidogo. Sianidi nayo husaidiwa na oksijeni, na pale ilipo, na haidroksokobalamini, ndugu ya vitamini B12, ambayo huinasa sianidi na kutoka nayo kwa mkojo. Usitegemee kuikuta kituo cha ngazi ya tatu. Tegemea kufika mapema na kupewa rufaa mapema, na hilo linawezekana tu kama mhudumu ameambiwa mgonjwa alikula nini, unga ulinunuliwa wapi, au kama kulikuwa na tembe ndani ya nyumba. Funga konzi mbili za unga uliobaki kwenye mfuko mkavu, uende nao, na umtume mtu mwingine akawazuie majirani walionunua kwenye beseni lile lile.